Nguzo Inayokataa Kutulia: Dalili na Visababishi katika Uigaji wa Mkondo na Mtikisiko

Nguzo ya gati ikisimama peke yake mkondoni, maji hayaipiti kwa utulivu. Hukatika upande wa kulia, kisha wa kushoto, yakaacha nyuma safu ya vizunguko ambayo leo inabeba jina la Theodore von Kármán. Kila kizunguko kinapokatika, nguzo husukumwa. Misukumo hiyo ikikaribia masafa asilia ya nguzo, yaani idadi ya mara inazocheza yenyewe kwa sekunde ikivutwa na kuachiliwa, chuma huanza kucheza, na chuma kinachocheza mfululizo huchoka, kisha hupasuka. Mombasa ni mji wa gati na madaraja, kuanzia Kilindini hadi Tudor na Nyali, kwa hiyo si ajabu kwamba wanafunzi wa uhandisi hapa huchagua tatizo hili kwa utafiti wao: maji yanahesabiwa na programu moja, mathalani OpenFOAM, chuma kinahesabiwa na nyingine kama CalculiX, na kiungo kama preCICE kinazifanya zizungumze.

Tabu huanza pale matokeo yanapokuwa ya ajabu. Wengi hukimbilia vitufe vya programu na kubadilisha vitu vitano kwa mpigo. Hesabu ikipona hawajui kilichoiponya, na ikizidi kuugua hawajui kilichoiumiza. Nakusihi utenganishe kwanza. Igandishe nguzo ili uendeshe maji peke yake. Kisha ondoa maji, ivute nguzo kidogo na uiachilie ichezecheze katika ombwe. Viwili hivyo vikiwa salama, ndipo uviunganishe. Karibu kila dalili iliyo hapa chini hujieleza ukijua imejitokeza katika jaribio lipi kati ya hayo matatu.

Nitatumia nguzo moja kote. Ni bomba la chuma lenye kipenyo cha nje cha milimita 610, unene wa ukuta milimita 12, na urefu wa mita 20 kutoka pale linaposhikwa barabara na ardhi. Kichwa kiko huru, kwa maana boriti za juu bado hazijafungwa. Mkondo tuuchukue kuwa mita 1 kwa sekunde kwa urahisi wa hesabu. Wewe utaweka kasi iliyopimwa mahali pako. Maji ya bahari yana uzito wa kilo 1,025 hivi kwa mita ya ujazo.

Hesabu inalipuka

Namba za kasi zinapanda hadi mamilioni, kisha solva, yaani sehemu ya programu inayokokotoa milinganyo, inasimama. Hii ndiyo dalili inayotisha wanafunzi kuliko zote, ilhali kwa maoni yangu ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa haifichi kwamba kuna hitilafu.

Ikiwa inalipuka hata nguzo ikiwa imegandishwa, tatizo liko kwenye maji. Tazama kwanza meshi, yaani wavu wa seli ndogo unaoligawa eneo la maji: seli zilizopinda mno, seli ndefu nyembamba zinazopakana ghafla na seli pana, au seli zenye ujazo hasi. Kisha tazama namba ya Courant. Kanuni ya Courant, Friedrichs na Lewy ni ya mwaka 1928 na bado inatuhukumu: maji yasivuke zaidi ya seli moja hivi katika hatua moja ya muda. Solva nyingine huvumilia zaidi ya hapo bila kulipuka, lakini kuvumilia si kuhesabu vizuri. Kisababishi cha tatu ni kuanza kwa kishindo, yaani kuyapa maji yote kasi kamili kuanzia sekunde ya sifuri. Ipandishe kasi polepole kwa sekunde kadhaa na mara nyingi homa inashuka.

Ikiwa maji peke yake ni salama na nguzo peke yake ni salama, lakini muungano unalipuka, hapo kuna jambo jingine kabisa. Mwanafunzi mmoja aliniambia, "Mwalimu, nimepunguza hatua ya muda mara kumi na bado inalipuka, tena sasa mapema zaidi." Sentensi hiyo peke yake inatosha kutambua ugonjwa. Ni masi ya nyongeza. Nguzo ikisogea, lazima iyasogeze na maji yaliyo kando yake, na maji hayo huihisisha nguzo kana kwamba imekuwa nzito zaidi. Programu zikipokezana zamu mara moja tu kwa kila hatua, chuma hupewa kani ya maji iliyopitwa na wakati. Chuma kikiwa chepesi kulinganisha na maji, kosa hilo hukua badala ya kufifia. Watafiti Causin, Gerbeau na Nobile walilichambua jambo hili kihisabati mwaka 2005 na kuonyesha kwamba kwa kimiminika kisichobanika kupunguza hatua ya muda si dawa.

Nguzo yetu ni nyepesi kuliko unavyodhani. Chuma chake kina kilo 177 kwa kila mita ya urefu. Maji inayoyasukuma nje yana kilo 300 kwa mita. Uwiano wa masi wa chuma kitupu ni 0.59 tu, yaani bomba hilo likizibwa ncha mbili litaelea. Kwa uwiano kama huo usijaribu kupokezana mara moja. Weka muungano unaorudiarudia ndani ya kila hatua mpaka pande zote mbili zikubaliane, na utumie ulegezaji wa Aitken (kurekebisha ukubwa wa kila sahihisho) au, bora zaidi, njia za quasi-Newton (zinazokisia sahihisho linalofuata kutokana na marudio yaliyopita) ambazo preCICE inazo tayari. Marudio manne hadi kumi kwa hatua ni ya kawaida. Yakizidi hapo, angalia kama kizingiti ulichokiweka ni kikali bila sababu.

Kani inaruka baada ya hesabu kuamshwa upya

Umeme ukikatika usiku, asubuhi unaendelea kutoka faili la mwisho lililohifadhiwa. Kwenye grafu ya kani unaona mwiba mrefu mahali pale pale. Mara nyingi programu ya chuma imehifadhi mahali nguzo ilipo na kasi yake, lakini si mchapuko wake. Au programu ya maji imehifadhi hatua moja ya nyuma ilhali mbinu ya muda ya daraja la pili inahitaji mbili. Au namba zimeandikwa kwa tarakimu sita tu. Hifadhi kwa usahihi kamili, hifadhi pande zote mbili kwa wakati mmoja, kisha tupa mizunguko michache inayofuata baada ya kuamsha. Usiutoe mwiba kwa kuufuta kwenye grafu. Mwiba huo umeshaipiga nguzo, na nguzo bado inaukumbuka.

Jingine dogo kwa wanaotumia kompyuta ndogo mezani: joto la Februari na Machi hapa pwani huifanya prosesa ijipunguzie mwendo. Hilo hubadilisha muda unaosubiri, halibadilishi jibu. Jibu likibadilika unapobadilisha idadi ya prosesa, kwa kawaida ni kwa sababu hukuyaacha marudio ya ndani yafike mwisho.

Maji yanapita bila kukata vizunguko

Nguzo imetulia, kani ya pembeni ni sifuri, picha ni nzuri na zina ulinganifu mkamilifu. Kwa silinda laini vizunguko huanza kukatika namba ya Reynolds (kasi mara kipenyo, gawanya kwa mnato wa maji) inapopita 47 hivi, na nguzo yetu iko karibu 680,000, kwa hiyo utulivu huo si wa kweli. Angalia kama umetumia solva ya hali isiyobadilika na muda, kama umekata eneo katikati ili kuokoa seli, au kama umeacha mbinu ya upwind (inayotazama seli ya juu ya mkondo tu) ya daraja la kwanza, ambayo huongeza mnato wa bandia na kuua vizunguko vikiwa vichanga. Meshi yenye seli kubwa mno nyuma ya nguzo hufanya vivyo hivyo. Pengine hukungoja tu: kompyuta ikianza na ulinganifu kamili hukaa muda mrefu kabla ya kuuvunja. Isukume nguzo au maji kidogo upande mmoja mwanzoni, kisha uache.

Masafa hayalingani na yanayotarajiwa

Hapa ndipo penye mengi, na hapa ndipo ninapoomba subira.

Mwanafizikia Vincenc Strouhal alionyesha mwaka 1878, akipima sauti ya nyaya zinazopita hewani, kwamba masafa hufuata kasi na kipenyo. Kwa silinda, kwenye upana mkubwa wa namba za Reynolds, namba yenye jina lake ni karibu 0.2. Kwa nguzo yetu hiyo ni 0.2 × 1 ÷ 0.61, yaani 0.33 Hz, kizunguko cha kila upande kikirudi kila baada ya sekunde 3. Ukipata 0.33 kwenye kani ya pembeni na 0.66 kwenye kani inayofuata mkondo, hujakosea. Kani ya mkondo huhesabu vizunguko vya pande zote mbili, kwa hiyo ni mara mbili.

Ukipata tofauti, uliza kwanza urefu wa rekodi yako. Rekodi ya sekunde 15 haiwezi kutenganisha masafa yaliyo karibu zaidi ya 0.067 Hz, sawa na moja ya tano ya jibu lenyewe. Rekodi ya sekunde 60 inakufikisha 0.017 Hz. Sekunde za mwanzo, kabla mtiririko haujazoea, zitupwe zote.

Kisha uliza upana wa eneo lako. Nguzo ikiziba sehemu kubwa ya njia, maji hubanwa, huongeza kasi, na masafa hupanda. Nimeona mtu akifurahia namba ya Strouhal ya 0.30 kwa Reynolds 100 kwa sababu inalingana na jaribio maarufu la Schäfer na Turek la mwaka 1996. Lakini jaribio lile ni la silinda ya mita 0.1 ndani ya mfereji wa mita 0.41, na kasi inayotumika kwenye hesabu ni ya wastani ilhali katikati ya mfereji maji yanakwenda mara 1.5 zaidi. Silinda iliyo kwenye maji mapana, Reynolds 100, hutoa karibu 0.165 na mgawo wa ukinzani wa karibu 1.35. Fanya majaribio yote mawili, kila moja kwa jibu lake. Kwa nguzo ya bahari, uzibaji usizidi asilimia 5, mbele pawe na angalau vipenyo 10 na nyuma zaidi ya 20.

Jambo la tatu ni eneo la Reynolds lenyewe. Kwenye laki chache, tabaka la maji linalogusa silinda laini hubadilika kuwa la msukosuko, linashikilia ukuta kwa muda mrefu zaidi, na mgawo wa ukinzani huanguka kutoka 1.2 hivi hadi chini ya 0.4. Namba ya Strouhal nayo hupanda na kuwa haieleweki vizuri. Nguzo yetu ikiwa laini iko ndani ya vurugu hiyo, na mifano ya kawaida ya msukosuko, ikiwemo k-omega SST ya Menter, haitegemeki hapo.

Lakini ni nguzo ipi ya Mombasa iliyo laini? Maji ya pwani yetu ni ya joto mwaka mzima, na chuma hakikai muda kabla ya kuvikwa chaza na viumbe wengine wenye magamba. Ukwaru huo huleta mabadiliko ya tabaka mapema zaidi na kurudisha ukinzani juu, karibu 1. Unaongeza pia kipenyo na masi. Nasisitiza hili kwa sababu naona meshi zenye seli ya kwanza ya milimita 0.02 ukutani, zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa ili y+ (kipimo cha ukaribu wa seli ya kwanza na ukuta) iwe 1, kwa ajili ya nguzo ambayo kiuhalisia ina magamba ya sentimita nzima. Jitihada hiyo imewekwa mahali pasipo. Tumia ukuta wenye ukwaru, ufanye seli ya kwanza iwe kubwa kuliko ukwaru wenyewe, na kipenyo kiwe kile kinachopimwa juu ya magamba.

Mpaka hapa nimezungumzia masafa ya vizunguko. Masafa ya nguzo ni kesi yake, nitaifikia mwishoni.

Mtikisiko unafifia usipopaswa kufifia

Rudi kwenye jaribio la ombwe. Zima ufifishaji wote, ivute nguzo, iachilie. Inapaswa kucheza milele. Ikififia, kinachoififisha ni hesabu yenyewe. Mbinu ya muda ya Euler ya kurudi nyuma huongeza ufifishaji wa bandia unaokaribia nusu ya zao la masafa ya pembe na hatua ya muda. Kwa hatua 100 katika kila mzunguko, ambazo wengi huziona nyingi, hiyo ni asilimia 3.1: baada ya mizunguko 10 umebaki na asilimia 14 ya mtikisiko ulioanza nao. Nguzo ya chuma kitupu kwa kawaida haifiki asilimia hiyo kwa ufifishaji wake wa asili. Kwa hiyo umeipa dawa ya usingizi bila kujua, na utaandika kwenye ripoti kwamba mkondo hauitikisi. Tumia mbinu ya muda ya Newmark yenye beta 1/4 na gamma 1/2, au mbinu nyingine ya daraja la pili, kwenye maji na kwenye chuma.

Dalili ya kinyume, mtikisiko mkubwa kupita kiasi, mara nyingi hutokana na uigaji wa pande mbili (2D), yaani wa mkato mmoja wa nguzo bila urefu wake. Kuanzia Reynolds 190 hivi vizunguko huanza kuvunjika kwa urefu wa nguzo. Uigaji wa pande mbili huvilazimisha vikatike kwa pamoja kutoka chini hadi juu, na kani za pembeni huwa kubwa mno. Hata hivyo usiwe mwepesi wa kuita mtikisiko mkubwa kosa. Majaribio ya Khalak na Williamson katika maji, kwa silinda nyepesi yenye ufifishaji mdogo, yalifikia karibu kipenyo kimoja kila upande, na uigaji mwingi wa pande mbili hushindwa kufika huko, hutoa karibu 0.6. Kosa linaweza kuelekea upande wowote.

Meshi ikichanika nguzo inapocheza kiasi hicho, ipe ugumu mkubwa karibu na nguzo na mdogo mbali, ili seli nyembamba za ukutani zisafiri na nguzo bila kupinda. Au tumia meshi mbili zinazopishana.

Kila kitu kinaonekana sawa

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa. Mabaki ya hesabu, yaani kosa linalosalia baada ya marudio, ni madogo, kani zinarudia vizuri, nguzo haitikisiki, na ripoti inasema ni salama.

Angalia masi uliyoipa programu ya chuma. Nguzo ikiwa wazi chini, ndani yake mna maji yenye kilo 276 kwa mita, nayo yanacheza pamoja nayo. Programu ya maji haiyajui maji hayo, kwa sababu uliigiza upande wa nje tu. Lazima uyaongeze kwa mkono. Masi ya nyongeza ya nje, karibu kilo 300 kwa mita, usiiongeze kwa mkono katika uigaji uliounganishwa, maana maji ya nje tayari yanaileta yenyewe. Ukiongeza umeihesabu mara mbili. Lakini ukifanya hesabu ya karatasi, unazihitaji zote tatu: 177, 276 na 300, jumla 753.

Sasa linganisha. Kwa chuma kitupu masafa asilia ya nguzo yetu ni 1.53 Hz. Kwa masi yote, ikichukuliwa kwamba imezama kwa urefu wake wote, ni 0.74 Hz. Gawanya kasi ya mkondo kwa masafa mara kipenyo upate kasi punguzwa: ya kwanza inatoa 1.07, ya pili 2.2. Mtikisiko wa kupita upande hushika moto karibu na 5, kwa hiyo zote mbili zinaonekana mbali na hatari. Lakini kuna mtikisiko mwingine, wa kufuata mkondo mbele na nyuma, unaoanza karibu na 1.2. Kwa masi pungufu uko chini ya mstari. Kwa masi sahihi uko ndani kabisa, na ulishaingia tangu mkondo ulipofika mita 0.54 kwa sekunde. Kama isitoshe, wengi huifunga nguzo katika mwelekeo wa mkondo ili kurahisisha hesabu, wakiiruhusu icheze pembeni tu. Hapo hata masi sahihi haitaonyesha kitu.

Jambo hili lilitokea kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati gati la mafuta la Immingham likijengwa kwenye mto Humber, Uingereza, nguzo zilizosimama huru zilianza kucheza kwa kufuata mkondo wa maji kujaa na kupwa, kwa kasi ndogo kuliko wahandisi walivyotarajia. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu mtikisiko huo ilianzia hapo.

Kwetu kuna la ziada. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo sehemu ya nguzo iliyozama hubadilika, na sehemu hiyo ni ile ya juu inayocheza zaidi. Masafa asilia ya nguzo hayana namba moja kwa siku nzima. Huna haja ya kuigiza saa sita za maji kupwa; mkondo hubadilika polepole mno kulinganisha na mzunguko wa nguzo wa sekunde moja na kitu. Chagua vina vitatu, maji kujaa, kati na kupwa, na kwa kila kina endesha kasi kuanzia mita 0.4 kwa sekunde hadi kasi ya juu kabisa iliyopimwa wakati wa bamvua, nguzo ikiwa huru kucheza pembeni na kwa kufuata mkondo. Ukiona mtikisiko wa mbele na nyuma popote katika majira ya maji mafu, yaani siku za mkondo dhaifu kati ya bamvua mbili, mjulishe msimamizi wa ujenzi mapema: vichwa vya nguzo vifungwe pamoja, hata kwa boriti za muda, kabla bamvua inayofuata haijafika.